Mlio Usioisha Katika Gari Jipya: Khiyari ya Aibu na Dhamana ya Muuzaji Katika Fiqhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Milango ya biashara katika vitabu vyetu vya fiqhi imejaa ngamia, farasi, mbuzi na ngano. Mwanafunzi anayesoma milango hiyo mbele ya sheikh wake huenda akadhani kwamba anasoma habari za soko lililokwisha kufungwa. Lakini mnyama wa kupandwa wa jana ndiye gari la leo, na ugomvi wa mnunuzi na muuzaji juu ya kwato la ngamia ndio ugomvi wao leo juu ya bushi na shokapu. Tutaitazama mas-ala moja ambayo maimamu huulizwa na waumini wao, nayo inahusu mali nyingi na dhamira nzito.

Sura ya mas-ala

Mtu amenunua gari jipya kutoka kwa wakala, akapewa waranti ya muda maalumu. Baada ya wiki chache linaanza kutoa mlio: likipita kwenye matuta linagonga mbele, na usukani ukikatwa husikika mkwaruzo. Analipeleka gereji ya wakala. Fundi analizungusha dakika tano kwenye lami, mlio hausikiki, na mwenye gari anaambiwa kuwa gari ni zima. Anarudi mara ya pili, anaambiwa kuwa magari ya aina hii ndivyo yalivyo. Mara ya tatu linakazwa kitu fulani, mlio unapotea siku nne, kisha unarudi.

Hapo nafsi huanza kumwambia maneno mawili. La kwanza: nyamaza, endelea kulitumia. La pili, nalo ndilo la hatari: gari likiwa la baridi halilii, mlete mnunuzi asubuhi na mapema, umuuzie, mzigo uwe wake.

Basi maswali ni haya: Je, mlio ni aibu, yaani kasoro, inayompa mnunuzi haki kisheria? Je, akiendelea kuliendesha haki yake inaanguka? Waranti nayo ina nafasi gani katika fiqhi? Na je, anaweza kumuuzia mwingine?

Asili ya haki hii

Msingi wa biashara katika Uislamu ni kuridhiana, kama ilivyokuja katika Suratun-Nisaa, aya ya 29. Mnunuzi anayetoa thamani ya kitu kizima ameridhia kitu kizima. Kikitokea kibovu, ridhaa yake haikukipata kile alichopewa. Kwa sababu hiyo Sharia ikamwekea khiyari ya aibu, yaani hiari ya kuendelea na mauzo au kuyavunja, hata kama hakuitaja wakati wa kununua.

Bukhari na Muslim wamepokea katazo la Mtume (s.a.w.) la kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili kiwele chake kionekane kimejaa mbele ya mnunuzi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari baada ya kumkama: akitaka abaki naye, na akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Angalia hapa, ndugu msomaji, kwamba kasoro hiyo haikuonekana sokoni. Ilijulikana nyumbani, baada ya kutumia. Na hivyo ndivyo ulivyo mlio wa gari.

Vilevile Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Mtu yule hakuiteremsha mvua, lakini udhuru huo haukumfaa, kwa kuwa aliyekabidhi mali ni yeye. Na hapa lipo jibu kwa wakala anayesema kuwa yeye hakutengeneza gari, bali kiwanda cha ng'ambo ndicho kilichotengeneza. Mnunuzi hakufunga mkataba wa mauzo na kiwanda. Alifunga na aliyepokea fedha zake.

Je, mlio ni aibu?

Si kila kinachomuudhi mwenye mali ni aibu kisheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameweka kipimo katika Minhaj ambacho kwa ufupi ni hiki: aibu ni kile kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kwa namna inayoharibu lengo sahihi la mnunuzi, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi ile havina kasoro hiyo. Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa msingi wa madhehebu ya Hanafi, katika kifungu cha 338 ikarudisha jambo hili kwa wafanyabiashara na wajuzi: wanachokiona kuwa kinapunguza bei, hicho ni aibu.

Kwa kipimo hiki milio ya gari hugawika mafungu matatu:

1. Mlio wa kawaida wa jinsi ile, kama mvumo wa injini ya dizeli au sauti fupi ya breki asubuhi yenye umande. Huu si aibu, kwa kuwa magari mazima ya aina hiyo pia huwa nao.

2. Mlio unaotokana na kifaa kilicholegea au kilichochoka: bushi, viungo vya mbele, shokapu, bomba la moshi. Huu ni aibu bila shaka, maana unaweza kugusa usalama wa roho za watu.

3. Mlio usio na hatari lakini usiokoma, kama plastiki za dashibodi zinazotatarika njia nzima. Huu unategemea kipimo cha bei. Ikiwa wajuzi wanasema kuwa gari jipya lenye mlio huo litapungua thamani mbele ya wanunuzi, basi ni aibu.

Kwa hiyo neno la wakala kwamba magari ya aina hii ndivyo yalivyo ni dai linalohitaji kuthibitishwa. Na njia ya kulithibitisha ni nyepesi: liletwe gari jingine jipya la aina ile ile, lipitishwe njia ile ile. Likilia, neno lake ni kweli. Lisipolia, kasoro imethibiti.

Haraka, na kuliendesha gari baada ya kujua

Hapa wengi hupoteza haki yao pasi na kujua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hiari ya kurudisha kwa aibu ni ya papo hapo. Aliyejua kasoro akanyamaza pasi na udhuru, haki yake ya kurudisha imeanguka. Maulamaa hawakuifanya haraka hii kuwa mateso: aliyegundua akiwa katika sala au chakula amalize kwanza, na aliyegundua usiku angoje asubuhi. Mtu wa kawaida asiyejua kuwa haki hii inataka haraka, naye hupewa udhuru. Muuzaji akiwa hayupo, mnunuzi huenda kwa hakimu au huweka mashahidi.

Ama kutumia kitu baada ya kujua kasoro, hiyo ni dalili ya kuridhika. Lakini Nawawi ametoa udhuru kwa anayempanda mnyama mkaidi wakati wa kumrudisha, kwa kuwa ni vigumu kumwongoza au kumswaga kwa miguu. Gari nalo halivutwi kwa kamba mpaka kwa wakala. Kuliendesha kwenda kulirudisha au kulikagua hakuangushi haki. Kulifanyia safari za starehe mwezi mzima, kisha kudai kulirudisha, ni jambo jingine katika madhehebu haya. Wanazuoni wa Hanafi, na wa Hanbali katika kauli mashuhuri, ni wapana zaidi: kuchelewa peke yake hakuangushi haki mpaka ionekane dalili ya kuridhia.

Ikiwa gari litarudishwa baada ya kutumika, wakala hana haki ya kudai kodi ya siku lilizotumika kabla. Abu Dawud na Tirmidhi ni miongoni mwa waliopokea hukumu ya Mtume (s.a.w.) ya kwamba manufaa humfuata mwenye kubeba dhamana. Lau gari lingeungua siku hizo, hasara ingekuwa ya mnunuzi. Basi na manufaa ni yake.

Wakala akisema: tutengeneze kwanza

Je, mnunuzi anaweza kukataa matengenezo na kutaka fedha zake mara moja? Maulamaa wa Shafi wametaja ardhi iliyouzwa ikiwa na mawe yaliyofukiwa ambayo mnunuzi hakuyajua. Ikiwa kuyatoa hakumdhuru mnunuzi, hana hiari, na muuzaji analazimika kuyatoa. Ikiwa kuyatoa kunadhuru, ana hiari. Wamesema pia kwamba kasoro ikiondoka kabla ya kurudisha, haki ya kurudisha imeondoka nayo.

Kwa kipimo hiki, mlio unaoondoka kwa kubadilisha kifaa kimoja siku moja si sababu ya kuvunja mauzo. Ama gari linalolazwa gereji kila mwezi na kurudi na mlio ule ule, hilo ni jiwe lisilong'oka, na hiari ya mnunuzi inabaki. Ili kuchelewa kusihesabiwe kuwa ni kuridhika, aandike wazi kila anapolipeleka kwamba analileta litengenezwe na hajaikubali kasoro.

Waranti katika mizani ya fiqhi

Wapo wanaodhani kuwa kumdhamini mnunuzi kwa muda ni uzushi wa viwanda vya leo. Sivyo. Imamu Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria (795), ameeleza katika Muwatta jambo lililokuwa likitajwa hadharani Madina katika khutba, nalo ni uhda katika mauzo ya watumwa: siku tatu ambazo kasoro yoyote inayojitokeza iko juu ya muuzaji, na mwaka mzima kwa maradhi matatu mazito, yaani wazimu, ukoma na mbalanga. Utumwa umekwisha, na mwanadamu si bidhaa. Tunachokitazama ni kanuni. Kasoro nyingi zimewekewa muda mfupi, na chache zinazojificha zimewekewa muda mrefu. Waranti nyingi za magari zimejengwa vivyo hivyo: muda mmoja kwa vifaa vidogo, na mrefu zaidi kwa injini na giaboksi.

Maulamaa wa Shafi na Hanafi hawakuikubali uhda hiyo. Tena katika Shafi upo ugumu mwingine: aliyenunua kitambaa kwa sharti kwamba muuzaji amshonee, mauzo hayo ni batili kwa kauli yenye nguvu zaidi. Basi vipi gari kwa sharti la kutengenezewa? Hanbali wanaruhusu sharti kama hilo la kitambaa. Hanafi wanaruhusu masharti ambayo desturi ya watu imeyakubali, na kwa msingi huu wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Wahba az-Zuhayli aliyefariki mwaka 2015, wakaiona dhamana ya kutengeneza bidhaa kuwa sahihi. Nayo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha 11 kilichofanyika Manama, Bahrain, Novemba 1998, ilijadili mikataba ya matengenezo, ikajuzisha sharti la muuzaji kutengeneza kitu alichouza kwa muda unaojulikana. Ama waranti ya ziada inayouzwa peke yake kwa bei yake, hiyo inakaribia mas-ala ya bima, na khitilafu yake ni pana.

Likishakubaliwa, sharti ni deni. Suratul-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba. Wakala anayemzungusha mteja mpaka muda wa waranti uishe hakuokoa gharama. Amekula haki ya mtu.

Nani ataaminiwa?

Faida kubwa ya waranti iko hapa. Katika fiqhi ya Shafi, mnunuzi na muuzaji wakikhitilafiana kama kasoro ni ya kabla ya kukabidhiana au imezuka baadaye, na yote mawili yanawezekana, anayeaminiwa ni muuzaji kwa kiapo chake, kwa kuwa asili ya mkataba ni kubaki. Mnunuzi wa gari lenye mlio angeshindwa mara nyingi. Waranti inamwondolea mzigo huo: kinachojitokeza ndani ya muda kiko juu ya muuzaji, isipokuwa ikithibiti kwamba mnunuzi ndiye aliyekiharibu.

Kwa hiyo mnunuzi naye asijiharibie. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alichukua farasi kwa mtu ili amjaribu, farasi akaumia akiwa mikononi mwake. Alipotaka kumrudisha mwenyewe akakataa, wakamfanya Shuraih kuwa mwamuzi. Akahukumu kwamba Amirul-Muuminina ama amchukue farasi kwa bei waliyokubaliana, au amrudishe kama alivyomchukua. Umar (r.a.) akaridhika, akampa ukadhi wa Kufa. Anayefunguliwa dashibodi na fundi wa mtaani, vifungio vikavunjika, hawezi tena kulirudisha kama alivyolichukua.

Kwa ajili hiyo, mwenye gari afanye mambo haya:

1. Aandike tarehe, kilomita zilizosomeka, na hali mlio unapotokea: injini ikiwa baridi au moto, kwa mwendo gani, kwenye njia ya namna gani.

2. Asimwachie fundi funguo na kuondoka. Apande naye, apite njia ile gari linapolia, fundi asikie kwa masikio yake.

3. Kila ziara iandikwe katika karatasi ya kazi ya gereji, hata kama hawakuona kitu, naye abaki na nakala.

4. Afanye sevisi kwa wakati, na asifungue lolote nje kabla ya kupata jibu la maandishi.

5. Asizidishe. Mlio wa mara moja kwa wiki asiuite wa kila siku. Uongo katika kudai haki huharibu haki.

Wakishindwana, watafute msuluhishi mjuzi wa magari. Likipanda zaidi, sheria za nchi zetu nazo zina mlango: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 31 ya sheria za Kenya na sura ya 214 ya Tanzania, inamtaka mfanyabiashara atoe bidhaa zenye ubora unaostahiki kuuzwa. Ndugu zetu wa Kenya watanabahi kwamba Mahakama ya Kadhi haisikilizi kesi hii, kwa kuwa katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imeiwekea mipaka ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi.

Kumuuzia mwingine

Tumefika kwenye lile neno la pili la nafsi. Imamu Ghazali amelitaja katika Ihyaa tukio la sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.). Mtu aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300, na Wathila yupo, lakini akashughulika kidogo mpaka mnunuzi akaondoka. Akamkimbilia huku akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Aliposema kwa kupanda, Wathila akamweleza kwamba katika unyayo wake kuna tundu, na hatastahimili safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Muuzaji alipomlaumu kwa kumharibia biashara, Wathila akaeleza kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema si halali kwa mtu kuuza kitu pasi na kubainisha kasoro yake, wala si halali kwa anayeijua kasoro hiyo kuificha.

Tuzingatie. Ngamia hakuwa wa Wathila, na kasoro ilikuwa chini ya unyayo. Hata hivyo alimkimbilia asiyemjua. Basi hali gani ya mwenye gari mwenyewe, anayechagua asubuhi ya baridi ili mlio usisikike? Hali gani ya fundi anayejua, akanyamaza kwa ajili ya kamisheni? Na neno la kwamba gari linauzwa kama lilivyo halimwokoi. Imepokewa katika Muwatta kwamba Ibn Umar (r.a.) aliuza kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi alipolalamika, Sayyidna Uthman (r.a.) akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuwa akijua kasoro yoyote wakati wa kuuza. Akakataa kuapa, akapokea alichouza. Kutokana na hukumu hiyo Shafi wakasema: sharti la kutodaiwa humtoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Na gari si mnyama, na mlio wake mwenyewe anaujua.

Anayetaka kuliuza gari hilo anaruhusiwa, kwa sharti aseme: gari linagonga mbele likipata moto, na hizi hapa karatasi za gereji. Ikiwa waranti inaruhusiwa kuhamishwa na muda haujaisha, amkabidhi nayo. Atapata pungufu, kama muuzaji wa ngamia alivyopata 200 badala ya 300. Lakini kwa kauli ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.), wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa.

Hitimisho

Mnunuzi anapodai gari lake litengenezwe haombi hisani. Anadai haki aliyopewa na Sharia, kisha ikatiwa nguvu na mkataba. Aidai mapema, kwa maandishi na kwa ukweli. Wakala ajue kuwa kutengeneza ni deni shingoni mwake. Na haki hiyo ikichelewa au ikikataliwa, haimhalalishii mwenye gari kuihamishia dhulma hiyo kwa ndugu yake. Imamu anayeulizwa mas-ala hii asikomee kwenye waranti. Amuulize muulizaji anakusudia kulifanya nini gari hilo likishindikana.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali na ndimi za kweli katika masoko yetu. Amin. Wallahu a'lam.